Tumbaku ya Vanila Haiji na Ladha ya Vanila: Dhana Potofu za Wavuta Kiko

Haipiti wiki mtu hajanirudishia dukani kopo la tumbaku ya kiko. Limefunguliwa, limepungua kidogo tu, na maneno ni yaleyale: "Mzee, hii umenipa feki. Inanukia vanila, lakini nikivuta vanila yenyewe siisikii." Nikimuuliza amevutaje, ananiambia amevuta kwa nguvu ili ladha ije. Nikiigusa tumbaku, bado imelowa vilevile ilivyotoka kiwandani. Kisha ananitolea ulimi nione ulivyoungua.

Kabla ya kufungua duka hapa Mbeya nilikuwa mteuzi wa tumbaku Chunya. Kazi yangu ilikuwa kupanga majani kwa madaraja siku za soko, kwa hiyo jani nalifahamu tangu likiwa banini, yaani kwenye jengo la kukaushia, hadi linapofungwa robota. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyasema mmoja mmoja kaunta ikiwa na foleni. Na niliweke wazi hapa juu kabisa: namwandikia mtu mzima ambaye tayari anavuta kiko. Kama huvuti, usianze kwa ajili ya makala hii.

"Ikinukia vanila, lazima ladha yake iwe vanila"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana makosa mengine yote yanazaliwa hapa. Ulimi una kazi chache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya supu ya nyama. Basi. Vanila haimo, cheri haimo, chokoleti haimo, ramu haimo. Hizo zote ni kazi ya pua. Chukua unga wa kakao ya Kyela usiotiwa sukari, uunuse: chokoleti tupu. Uweke ulimini: mchungu. Hakuna anayesema kakao hiyo ni feki, lakini kopo la tumbaku likifanya jambo lilelile, mtu anapanda daladala kuja kudai pesa yake.

Sasa tazama tumbaku yenye manukato inavyotengenezwa. Kwanza jani huloweshwa sosi: sukari, asali au molasi, pengine kakao au urukususu, ule mzizi mtamu. Sosi hiyo inaingia ndani ya jani, nayo inalainisha ukali wake. Mwishoni kabisa, tumbaku ikishakatwa, ndipo inapopuliziwa manukato yenyewe, ile vanila au cheri uliyoisoma kwenye kopo. Manukato haya yanakaa juujuu, na ni mepesi kuruka. Ndiyo maana ukifungua kopo yanakupokea kabla hujasogeza pua.

Ukiwasha, kaa la moto ndani ya kiko linafika mamia ya digrii. Manukato hayasubiri moto huo uyafikie. Yanaruka mapema kwa joto linalotangulia mbele ya kaa, na sehemu kubwa inapandia mdomo wa kiko kuelekea hewani. Anayeifaidi ni mama watoto aliyekaa sebuleni, au jirani anayepita barazani akasema "leo unavuta kitu kizuri." Wewe mwenye kiko unapata moshi uliopita kwenye jani linaloungua, na juu ya hapo pua yako imeshaizoea harufu ile baada ya dakika chache. Pua ya kila binadamu iko hivyo: harufu isiyobadilika huacha kuisikia.

Kwa hiyo mvutaji anabaki na nini? Anabaki na jani. Watu hawataki kulisikia hili, lakini ladha ya tumbaku yenye manukato kwa sehemu kubwa ni ladha ya tumbaku iliyo chini ya manukato. Vanila ni kivuli chake: inakuja kidogo unapowasha, inajitokeza tena ukipitisha moshi kidogo sana puani, kisha inajificha. Ukijifunza jani lililo chini, kivuli hicho kitaanza kukufurahisha. Usipolijifunza, utanunua makopo mpaka mshahara uishe na kila moja utaliita feki.

Majani ya kujifunza si mengi. La kwanza ni tumbaku ya mvuke, hii tunayoilima Chunya. Inakaushwa banini kwa siku tano hadi saba, joto likipita kwenye mabomba bila moshi kuligusa jani. Wakati jani linageuka njano, wanga wake unageuka sukari. Ndiyo maana ukiivuta taratibu unasikia asali kwa mbali, nyasi kavu, na ganda la mkate uliotoka jikoni. Nilipokuwa sokoni nilikuwa nachukua jani la katikati ya mmea, la rangi ya chungwa lililoiva vizuri, nalikunja karibu na sikio: likiwa laini halilii, na likinuswa lina utamu wa matunda makavu. Jani bichi lililokaushwa kwa pupa linabaki na ukijani kwenye mishipa, na hakuna vanila duniani itakayoficha ukali wake.

La pili ni tumbaku ya hewa, Burley, inayoning'inizwa kivulini kwa wiki nyingi hadi sukari yake karibu yote inaisha. Inatoa ladha ya karanga zilizokaangwa na kakao isiyo na sukari. Kwa kuwa haina utamu wake na jani lake lina vinyweleo wazi, inanyonya sosi kuliko jani lolote, na ndiyo maana viwanda vinaipenda kwa tumbaku za manukato. Halafu kuna Cavendish, ambayo wengi wanadhani ni aina ya mmea. Ni namna ya kutengeneza: jani linapigwa mvuke, linatiwa utamu, linashinikizwa mpaka linakuwa jeusi na pole. Pole hiyo ndiyo inayowavutia wageni, na ndiyo hiyohiyo inayowafanya waone "haina ladha."

Ushauri wangu, na sitoutengua: kabla hujavuta kopo lingine la manukato, tafuta tumbaku ya mvuke tupu isiyo na chochote, uivute siku kadhaa. Kisha Burley tupu. Ndipo urudi kwenye vanila yako. Vuta asubuhi kabla ya chakula kizito, au jioni saa moja baada ya kula, na uwe na chai ya rangi isiyo na sukari pembeni. Chai ya Rungwe au Mufindi inafaa sana, maana inausafisha mdomo bila kuacha utamu unaodanganya. Usibadilishe kopo kila siku. Kopo moja, kiko kimoja, mpaka utambue theluthi ya kwanza ya kiko inavyotofautiana na ya mwisho. Ya kwanza ina manukato mengi, ya katikati ina jani, ya mwisho inakuwa nzito na ndiyo wengi wanaiharibu kwa haraka.

"Ladha isipokuja, vuta kwa nguvu"

Hapana. Ukivuta kwa nguvu kaa linapata hewa nyingi, joto linapanda, sukari iliyokuwa ndani ya jani inaungua kabisa na kuacha uchungu, na ladha zote nyepesi zinakufa. Kiko kinavutwa kama anayenywa uji wa moto, kwa midomo tu na kwa subira. Ukishika bakuli la kiko ukashindwa kulibakiza kiganjani, umekimbia mno. Kiweke chini kipoe. Kikizimika, kizimike, kuwasha tena si aibu, na mara nyingi ladha ya baada ya kuwasha mara ya pili ni bora kuliko ya mwanzo.

Kushindilia nako kuna namna yake: chini acha tumbaku ikae yenyewe, katikati bonyeza kidogo, juu kaza zaidi. Nyonya hewa kabla ya kuwasha. Ikipita kwa shida, mwaga uanze upya, maana kiko kilichokazwa sana kitakulazimisha kuvuta kwa nguvu hata ukijizuia. Washa mara ya kwanza tumbaku itutumke, isawazishe, kisha washa tena.

"Ulimi umeungua, maana yake wameweka kemikali"

Wengi wakisema hivi nawaomba wanipe kopo. Tumbaku imelowa. Viwanda huweka propilini glikoli ili isikauke dukani, pamoja na sukari ambayo nayo inashika maji. Wewe ukiitoa kopo na kuijaza moja kwa moja, unapika maji. Mvuke wa moto unakuja ulimini, kiko kinaanza kulia majimaji, unavuta zaidi ili kisizime, na mzunguko unaendelea mpaka ulimi unachubuka.

Itandaze juu ya karatasi kabla ya kujaza. Kwa Mbeya, miezi ya Juni hadi Septemba hewa ikiwa kavu na upepo unavuma, robo saa hadi nusu saa inatosha. Mvua zikianza, Novemba kuendelea, ngoja saa nzima au hata zaidi. Kipimo ni vidole: bana fungu dogo kisha liachie. Likibaki donge, bado. Likifunguka lenyewe polepole, liko tayari. Likimeguka kuwa unga, umelichelewa. Kuna wateja nimewaambia hili tu na hawajarudi tena na ulimi mwekundu. Na ulimi ukishaungua, pumzika siku kadhaa. Kuungulia juu ya kidonda hakukufundishi ladha yoyote.

"Nitachukua jani la Chunya nilimwagie vanila ya keki"

Huyu huja na fungu la majani ndani ya gazeti, kapewa na shemeji yake wa Lupa Tingatinga, na chupa ndogo ya vanila ya dukani. Jani lililotoka banini halijaiva kwa kuvutwa. Baada ya kukaushwa linahitaji kukaa muda mrefu likiwa limefungwa ndipo ukali wake utulie. Halafu vanila ya keki inakaa juu tu, inaruka ukiwasha, na maji yake yanakuletea ukungu. Asali ni mbaya zaidi: inaganda, inaziba, inaungua ikiwa chungu. Sosi ya kiwandani inaingia kwa joto, mvuke na shinikizo. Jikoni kwako huna mashine hizo.

Waliotoka Songea na Namtumbo wana lao. Wamezoea tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa juu ya moto wa kuni, na wakivuta Cavendish wanasema hakuna kitu humo. Kitu kipo. Mdomo uliozoea moshi mzito unahitaji muda kabla ya kusikia kilicho chepesi, na hapo usichanganye viko. Kiko kilichovutwa tumbaku ya moshi kinabaki na harufu yake ukutani, na vanila yako itakufa humo. Weka kimoja kwa manukato pekee. Kama pesa ya kiko cha briari, ule mti mgumu wa kuchongea viko, haipo, cha gunzi kinatosha kabisa. Wamarekani wanavitengeneza Missouri tangu mwaka 1869, kwa mahindi maalumu yenye gunzi nene lililokaushwa muda mrefu. Gunzi letu la kawaida la shambani ni jembamba na moyo wake laini, linatoboka upesi, kwa hiyo msichonge wenyewe.

"Kiko hakidhuru kwa sababu humezi moshi, na hii inanukia vizuri"

Hapa sina subira hata kidogo. Nikotini inapita kwenye ngozi laini ya mdomo bila moshi kufika mapafuni. Moshi wa kiko unasababisha saratani ya midomo, mdomo, koo na umio, na mapafu nayo hayaponi. Vanila haipunguzi chochote katika hayo. Inachofanya ni kumfanya aliye karibu asikimbie moshi ambao angepaswa kuukimbia. Usivute ndani penye watoto kwa kisingizio kwamba sebule inanukia keki. Na kijana aliye chini ya miaka 18 simuuzii, hata akija na barua ya babu yake. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya 2003 imekataza, nami ningekataa hata isingekuwepo. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili si cha kusukutua kwa maji ya chumvi. Nenda hospitali.

"Ikikauka, weka kipande cha tufaa au kiazi"

Mmeambiwa na wazee, najua, na shikamoo zao zipo palepale. Lakini tumbaku ya manukato ina sukari, na tufaa lina maji na vimelea vyake. Ukivifungia pamoja, ndani ya siku chache una ukungu. Tumia chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, kama zile za jamu zilizooshwa na kukaushwa kabisa, uiweke kabatini mbali na dirisha. Ikiwa imeshakauka, ipulizie maji safi kidogo sana kwa mbali, funga, tikisa, uiangalie kesho yake. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe au madoa ya kijani, mwaga kopo zima. Usichambue sehemu nzuri, na usiniletee nikuchambulie.