Je, wajua kwa nini nyasi za Wimbledon, mashindano ya tenisi ya London, huota kipara nyuma, si mbele karibu na wavu?

Tafuta picha ya fainali ya Wimbledon ya miaka ya 1980, uiweke kando ya picha ya fainali ya miaka hii. Katika ile ya zamani nyasi zimekwisha kuanzia mstari wa nyuma hadi karibu na wavu. Siku hizi mbele hubaki kijani mpaka siku ya mwisho, na kipara kipo nyuma tu.

Sababu kubwa ni mbegu. Hadi mwaka 2000 uwanja ulipandwa mchanganyiko: asilimia 70 nyasi ngumu za raigrasi, asilimia 30 nyasi laini zaidi. Kuanzia 2001 ikapandwa raigrasi tupu, maana inastahimili kukanyagwa, na kukanyagwa kwenyewe si kidogo. Kwa wiki mbili wanaume 128 na wanawake 128 wanawania taji la mchezaji mmoja mmoja, ukiacha wanaocheza wawili wawili. Ukifungwa mara moja umetoka. Bingwa lazima ashinde mechi 7. Yote hayo juu ya nyasi zenye kimo cha milimita 8!

Lakini udongo chini ya raigrasi ulikuwa mkavu na mgumu zaidi, hivyo mpira ukaanza kudunda juu. Zamani uliteleza chini chini, na aliyeanzisha mpira alikimbilia wavuni kuumaliza mchezo. Sasa anayepokea anapata nafasi ya kujibu. Fainali ya 2001, Goran Ivanišević na Patrick Rafter walikuwa bado wakikimbilia wavu. Mwaka uliofuata Lleyton Hewitt na David Nalbandian walipambana wakiwa nyuma, na huko miguu inakobaki ndiko nyasi huisha. Raketi na nyuzi mpya nazo zilichangia, ila mimi naona uwanja ndio uliomaliza kazi, na ninaukosa sana mchezo ule wa wavuni.

Ubishi huu wa mbele na nyuma ni wa tangu mwanzo. Mwaka 1877, mashindano ya kwanza, yenye wanaume 22, yalichukuliwa na Spencer Gore kwa kusogea wavuni na kuukata mpira hewani. Mwaka 1878, bingwa wa mwaka uliotangulia akawa anasubiri mpinzani mmoja tu, yule aliyewashinda wengine wote, desturi iliyodumu hadi 1921. Aliyemfikia Gore ni Frank Hadow. Akabaki nyuma, akawa anaubetua mpira juu, unampita Gore kichwani na kuangukia mgongoni kwake.