Usifungue kwanza kamba ya furushi la barua

Watu wanaoniletea barua za wazee wao mara nyingi huwa wamekwisha kuzishughulikia. Wamezitoa kwenye bahasha, wamezipanga kwa miaka, zile za salamu tupu wamezitenga kando, na bahasha wamezitupa au wamempa mtoto anayekusanya stempu. Wamefanya hivyo kwa nia njema kabisa. Ila mimi, ambaye kazi yangu ni kufuatilia nasaba za watu, huwa nimeshapoteza sehemu kubwa ya ushahidi kabla ya kusoma mstari mmoja.

Barua moja hukupa habari. Furushi zima hukuambia ni nani aliyelitunza, alihifadhi za nani, na za nani hazimo. Karatasi zilizofungwa kamba moja zilikutanishwa na mtu fulani kwa sababu fulani. Ukikuta barua ya mwaka 1931 imo katikati ya barua za 1948, usiseme tu kwamba imepotea njia. Huenda mtunzaji aliitafuta wakati wa mzozo wa urithi ili aonyeshe ahadi aliyopewa, na kama mzozo ulifika mahakamani, lipo jalada. Watunza nyaraka wana kanuni ya kutovuruga mpangilio wa awali. Piga picha furushi lilivyo, ipe kila karatasi namba kwa penseli laini, na bahasha yake namba hiyohiyo. Ukitaka kupanga kwa tarehe, panga nakala.

Sasa bahasha. Hapo ndipo mimi huanza, hata kama ndani kuna kurasa sita za machozi. Anwani inaniambia mtu aliishi wapi, na nikiwa na anwani ninaweza kwenda kwenye sensa, orodha za wapiga kura au kumbukumbu za ardhi. Anwani iliyokatwa na kuandikwa nyingine juu yake ni bora zaidi: mtu alihama, na posta ilijua alikohamia. Muhuri wa posta hutoa mahali na siku, tena hauna sababu ya kudanganya. Lakini barua ikiwa ya zamani sana, usihangaike kutafuta bahasha. Uingereza kabla ya mageuzi ya posta ya 1840, ada ya barua ilihesabiwa kwa umbali na idadi ya karatasi, na bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili. Watu walikunja barua yenyewe na kuandika anwani mgongoni. Wengine walipojaza ukurasa waliugeuza upande na kuandika tena juu ya mistari ileile. Kuzisoma hizo kunaumiza macho, na nisingemshauri mtu aanze nazo.

Tatizo linalowakatisha tamaa wengi ni barua isiyo na mwaka. Waandishi waliandika "Jumanne, tarehe 14 Machi" wakaridhika, kwa kuwa mpokeaji alijua ni mwaka gani. Chukua postikadi ya namna hiyo, yenye ujumbe mrefu, iliyotumwa ndani ya Uingereza, muhuri wake umefutika. Mgongo wake umegawanywa sehemu mbili, ujumbe huku na anwani kule. Mgawanyo huo uliruhusiwa huko kuanzia 1902, kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kutoka 1902 hadi 1940, tarehe 14 Machi iliangukia Jumanne katika miaka ya 1905, 1911, 1916, 1922, 1933 na 1939. Stempu ina sura ya Mfalme George V, na stempu zake zilianza kutolewa Juni 1911, kwa hiyo miaka miwili ya mwanzo inaondoka. Tena ni stempu moja tu, ya nusu peni. Ada ya postikadi ilipanda kutoka nusu peni hadi peni moja mwaka 1918, na haikurudi tena kwenye nusu peni. Umebaki na 1916. Kama ujumbe unasema "mtoto anaanza kutambaa," sasa unajua takriban mtoto huyo alizaliwa lini, na daftari la vizazi la kutafutia.

Kalenda nazo zina mitego. Urusi ilibaki na kalenda ya kale hadi 1918, hivyo katika karne ya 20 tarehe zake zilikuwa siku 13 nyuma ya zile za sehemu kubwa ya Ulaya. Ndiyo maana utakuta jibu linaonekana kuandikwa kabla ya barua inayojibiwa. England nako, hadi kufikia 1752, mwaka rasmi ulianza tarehe 25 Machi. Barua ya Februari 1740 kwa hesabu ya siku hizo ni ya Februari 1741 kwa hesabu yetu. Nimeona miti ya ukoo ambamo mama amejifungua miezi michache baada ya kufa, na chanzo ni hicho tu.

Ndani ya barua, wengi hutafuta mambo makubwa: ndoa, kifo, safari. Mimi nasoma mwishoni kwanza, kwenye salamu. Mwandishi anayesimulia huchagua la kusema, bali anayetuma salamu huogopa kumsahau mtu. Pale ndipo majina yanapomiminika, tena mara nyingi kwa mpangilio wa umri au wa heshima. Andika kila jina katika lahajedwali, pamoja na namba ya barua na maneno yaliyolizunguka. Jina linalotajwa kwenye kila salamu kisha likanyamaza ghafla, linataka kuulizwa. Jirani, shahidi wa harusi, mpangaji, fundi aliyekuja kula kwao kila wiki, hao usiwaache. Baba akikosekana katika kumbukumbu zote, mara nyingi hupatikana kupitia jirani aliyehama naye kutoka kijiji kimoja.

Majina ya undugu yashike kwa tahadhari. "Ndugu" anaweza kuwa wa tumbo moja, shemeji au mwenzake wa ibada. "Mjomba" anaweza kuwa rafiki wa babu. Nisipopata uthibitisho wa pili, kwenye mti huwa naweka mstari wa nukta.

Usiamini pia kwamba mwandiko ni wa mwenye jina. Asiyejua kuandika alimwomba anayejua. Ukikuta barua za watu wawili tofauti zina mwandiko mmoja, umempata mtu wa tatu ambaye hakutajwa, na huenda ni mtoto wa nyumba ile aliyekuwa ameanza shule. Hati yenyewe nayo yaweza kuhitaji mtaalamu: barua nyingi za Kiswahili za karne ya 19 ziko kwa herufi za Kiarabu, na Uturuki iliacha herufi hizo mwaka 1928, kiasi kwamba wajukuu wengi hawawezi kusoma barua za babu zao.

Kuhusu uzito wa ushahidi, jiulize mwandishi alikuwa wapi. "Tumemzika jana" kutoka kwa aliyekuwepo makaburini ni karibu sawa na hati. "Nasikia amefariki" ni fununu ya kukupeleka kwenye daftari la vifo, basi.

Utunzaji ni mfupi: ondoa pini na klipu za chuma, usitumie selotepu, usifanye laminesheni, weka mbali na jua na unyevu. Na kabla ya kuchapisha mtandaoni, elewa kwamba kumiliki karatasi si kumiliki maneno. Katika nchi nyingi hakimiliki ya barua ni ya aliyeiandika na warithi wake, kwa kawaida miaka 50 au 70 baada ya kifo chake. Siri za watu walio hai mimi sizichapishi, hata mteja akisisitiza.

Linalobaki ni kwamba ulicho nacho ni upande mmoja wa mazungumzo. Barua zilizo kwenu ni walizoandikiwa wazee wako. Walizoandika wao zilikwenda kwa wengine, na huenda zimo kwenye sanduku la familia usiyoijua. Tengeneza orodha ya waandishi wote wa furushi lako, kisha tafuta warithi wao. Maktaba na hifadhi za nyaraka mara nyingi huorodhesha mkusanyo kwa jina la aliyeumiliki, kwa hiyo ukitafuta kwa jina la bibi yako hutapata kitu. Tafuta kwa jina la rafiki aliyekuwa akimwandikia.