Masomo ni bure? Bure mpaka darasa la 6 tu

Juma hii tena mtu mmoja, mwenye kusoma kabisa, ananiambia ati mabinti wa Bukavu, huku mashariki ya Kongo, wanaacha masomo juu wazazi wao ni watu wa mila, si serikali iliweka masomo bure tangu 2019? Nimechoka kuisikia. Mimi nafundisha mu santa ya ratrapaje (kufidia masomo), pale waliochelewa wanamaliza miaka 6 ya primeri mu miaka 3, mabinti naandikisha mimi mwenyewe na wazazi naongea nao.

Haraka haraka: Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema primeri ya serikali ni bure na ni lazima. Kuitekeleza kukangoja Septemba 2019, na hapo katikati wazazi njo walikuwa wanalipa walimu, wanawabeba mgongoni, tangu miaka ya 90. Ilisaidia sana, madarasa yalijaa mpaka watoto wakakaa chini. Lakini kuanzia darasa la 7 ni minervali, ndiyo feza ya shule, kwa transhi, maana yake mafungu, na binti anafika pale na miaka 12, aliyechelewa 15, wakati huohuo nyumbani wanaanza kumuhitaji.

Sasa hiyo ya mila. Mama anauza sambaza, samaki wadogo, kule Kadutu, hapa Bukavu, ana kijana na binti sekondari. Transhi ya pili inafika, wote wawili wanafukuzwa asubuhi moja, na feza iliyopo inatosha mmoja. Kijana akibaki nyumbani anazurura, mama anaogopa bangi na bunduki. Binti akibaki, maji yanapanda mlima bidoni kwa bidoni, mdogo wao analindwa, chakula kinaiva, na mama anabaki soko mpaka jioni na anauza zaidi. Basi analipia kijana kwanza, binti anaambiwa "ngoja kidogo, mama". Majuma yanapita, mitihani inapita, binti anaona haya kurudi. Nani hapo aliamua asisome? Ukimuuliza yule mama leo atakuambia binti yangu anasoma! Hiyo ni hesabu ya feza na maji, na hesabu unaweza kuibadilisha mwaka huu huu, ndiyo maana nakasirika watu wakiiita mila halafu wanakunja mikono.

Mila mbaya ziko, sikatai. Sheria ya familia tangu 2016 inasema ndoa ni miaka 18 na bado mahari inapokelewa ya mtoto wa 15. Lakini mabinti ninaowapokea mimi, mara nyingi masomo yalikatika kwanza, mchumba akaja nyuma.

Kitu kinachonisumbua ni kushona. Wakimaliza primeri kwetu, wengi tunawasukuma ku cherehani, inaleta feza mbio na wengine wanafurahi kweli, lakini sijui kama tunawasaidia ao tunawafungia mlango wa diploma ya leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari. Nabishana na wenzangu juu ya hii na hatujamaliza.

Tena kila Septemba wafadhili wanaleta madaftari na mifuko. Tunashukuru, ila Septemba binti yuko darasani, anapotea baada ya Bonane, mwaka mpya, na tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025 na benki zikafungwa, hata mzazi wa mshahara anakwama palepale. Mwenye kutaka kusaidia aende mwenyewe ku shule mwezi wa kwanza, aulize mabinti gani wamefukuzwa, alipe transhi ya pili na ya tatu, na risiti iandikwe jina la binti.