Je, wajua? Shimo analokaa gobi hakulichimba yeye

Gobi ni samaki wadogo wa baharini. Wengi hawafiki sentimita 10. Katika maji ya kina kifupi ya Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu na Pasifiki, wako wanaokaa kwenye mchanga mtupu, mlangoni mwa shimo, kichwa nje na mkia ndani. Kwa miaka mingi niliamini kwamba shimo hilo wamelichimba wenyewe, na niliwaeleza watu hivyo.

Sivyo. Hebu mtazame samaki huyu: achimbe kwa kitu gani? Hana miguu wala magando. Mchimbaji ni kamba wa jamii ya Alpheus, na ukitulia utamwona akitoka, akisukuma lundo la mchanga kwa magando kama tingatinga. Anamwaga, anarudi ndani, anatoka tena. Mchanga haushikamani, kuta huporomoka kila mara, kwa hiyo kazi yake haiishi. Akikuta kipande cha kombe, hukitumia kuimarisha mlango.

Basi gobi anafanya nini pale? Analinda. Kamba huyu ana macho, ila haoni vizuri, na nje ya shimo ni windo rahisi. Kwa hiyo kila atokapo huweka papasi lake refu, yaani unywele wa kugusia ulio kichwani, juu ya mwili wa gobi. Fikiria unapita gizani na mwenzako anayeona, mkono wako uko begani mwake. Hahitaji kusema neno. Akisita, umesita, bega likishtuka, umeshajua kuna jambo. Ndivyo ilivyo hapa: adui akisogea, gobi hutikisa mkia haraka haraka, mtikisiko unapita kwenye papasi, na kamba anarudi ndani. Hatari ikizidi, gobi mwenyewe huchupa shimoni, kichwa mbele.

Tusiseme upesi kwamba samaki "anamwambia" kamba. Huenda mtikisiko huo ulianza kama maandalizi tu ya kukimbia, kamba akajifunza kuufuata. Wala si gobi wote wanaoishi hivi; wengi hawana kamba kabisa.

Lakini kwa hawa wawili, mpango ni thabiti ajabu. Usiku wote wamo ndani. Mchana, gobi asipokuwepo mlangoni, kamba hatoki, hata kama mchanga umejaa shimoni.