Kabla Hujalipia Kozi ya Kiangazi

Vyuo vikuu vya Marekani vinapofungua usajili wa muhula wa kiangazi, wanafunzi wetu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo hunijia na swali lilelile: nichukue kozi ngapi? Mimi ni mshauri wa masomo, na kabla ya kujibu huwauliza: krediti za kozi hizo, yaani vipimo vinavyohesabiwa kuelekea shahada, unazitakia nini?

Anayetaka kumaliza mapema na anayetaka kuinua GPA, yaani wastani wa alama zake, hawapiti mlango mmoja. Vyuo vya jamii (community colleges), vile vya miaka miwili, vina ada nafuu, na kozi uliyofaulu huko chuo kikuu chako kinaweza kuipokea. Ila vyuo vikuu vingi hupokea krediti peke yake, alama haihami nayo. Pale ulipotegemea kuiona ile A uliyoitolea jasho, transkripti, yaani hati ya matokeo yako, itaandika T au TR kuonyesha kozi imehamishwa, na GPA haitasogea hata kidogo. Kwa hiyo aliyepata D ya kemia na anataka kuisafisha, airudie chuoni kwake, hata kama ada ni kubwa zaidi. Mwenye GPA nzuri anayetaka tu kujipunguzia mzigo wa mwaka ujao, huyo chuo cha jamii kinamfaa sana. Naumia ninapoona fedha zilizochangwa na ndugu zimelipia kozi isiyomsogeza mtu popote. Peleka silabasi, yaani muhtasari wa kozi hiyo, kwenye idara ya chuo kikuu chako mapema, upate idhini ya maandishi, ndipo ulipe.

Tena piga hesabu ya muda. Krediti 3 kwa kawaida ni kama saa 135 za kazi, darasani na nyumbani. Katika wiki 15 ni saa 9 kwa wiki. Zibane katika wiki 6, unapata saa 22 na nusu. Kozi mbili kwa pamoja ni saa 45, yaani ajira kamili. Anayefanya zamu za usiku ghalani achukue moja tu.

Kuhusu fedha, wanaostahili Pell Grant, ruzuku ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, wajue kwamba tangu 2017 inaweza kufika asilimia 150 ya kiwango chao cha mwaka, kiangazi kikiwemo. Nyongeza hiyo hudai angalau nusu ya mzigo kamili wa masomo, kwa kawaida krediti 6. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, hayumo.

Walimu wana hesabu yao. Wilaya nyingi za shule hupanga mishahara kwa ngazi: BA (shahada ya kwanza), BA+15 na BA+30 (shahada hiyo pamoja na krediti 15 au 30 za ziada), kisha MA (uzamili). Krediti za kiangazi zinaweza kukupandisha, lakini mara nyingi sharti ziwe za ngazi ya uzamili na ziidhinishwe kabla hujaanza. Kwenye kuhuisha leseni ya ualimu mambo hubadilika kwa kila jimbo. Texas, kwa mfano, hudai saa 150 za mafunzo kila miaka 5, na krediti 1 huhesabiwa saa 15, hivyo kozi ya krediti 3 inakupa 45.

Nawasihi walimu wasichague kozi kwa wepesi wake. Mwaka 1873 Louis Agassiz, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliwapeleka walimu kisiwa cha Penikese, Massachusetts, wakajifunza kwa kuchunguza viumbe wenyewe wa baharini. Kozi ya namna hiyo, ya maabara au ya uwandani, ndiyo ninayoipendekeza kwanza, kwa sababu Septemba mwalimu anaingia nayo darasani.

Alama zikishatoka, agiza transkripti rasmi siku hiyo hiyo. Wilaya huweka tarehe ya mwisho ya kuipokea, na ukichelewa unaweza kubaki na mshahara wa zamani mwaka mzima.