Mlio unaofuata utakuja lini?

Kazi yangu ni kupima mionzi. Nimekaa miaka mingi mbele ya kihesabio cha Geiger, kifaa kinacholia kila kinaponasa mnunurisho wa atomi iliyovunjika, nikisikiliza milio yake: tik, tik-tik, kimya kirefu, tik. Wanafunzi wapya hawakawii kuuliza: mlio unaofuata utakuja lini? Huwa nawajibu kwamba sijui, na wala hakuna ajuaye. Jibu hilo huwakera, kwa kuwa wanadhani nalaumu kifaa.

Kutojua kuko kwa namna mbili, na nadhani kuzichanganya kumewapotosha wengi.

Namna ya kwanza ni ya sarafu iliyorushwa hewani. Sarafu haibahatishi chochote; inafuata sheria za mwendo, ila sisi hatujui ilirushwa kwa nguvu kiasi gani na ilizunguka vipi. Mwaka 1814 Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, aliwaza akili ambayo ingejua mahali na mwendo wa kila kitu kwa wakati mmoja: kwake yajayo yangekuwa wazi kama yaliyopita. Kwa wanadamu hali ni ngumu zaidi. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alikuwa akikokotoa mwenendo wa hewa kwa kompyuta. Alipotaka kurudia sehemu ya hesabu aliingiza 0.506 badala ya 0.506127, akiamini tofauti ndogo hivyo haina madhara. Aliporudi baada ya muda, hali ya hewa ya kwenye karatasi yake ilikuwa nyingine kabisa. Sheria zilikuwa zilezile, hakuna nasibu iliyopenya popote, lakini kosa dogo lilikuwa limekua hadi likameza utabiri wote.

Namna ya pili ndiyo ninayoisikia kila siku kazini. Chukua iodini-131, aina ya iodini yenye mionzi. Kila baada ya siku 8 hivi, nusu ya atomi zake huwa zimevunjika. Weka atomi mbili kando kwa kando: hazitofautiani kwa lolote tunaloweza kulipima. Moja itavunjika leo, nyingine itakaa mwezi mzima. Tena atomi haizeeki. Ile iliyopita salama siku 8 haijakaribia mwisho wake hata kidogo. Kwa siku 8 zijazo ina nafasi ileile ya nusu kwa nusu, kana kwamba imezaliwa asubuhi hii. Jambo hili bado hunishangaza.

Je, huenda kuna siri ndani yake ambayo hatujaifikia? Einstein aliamini nadharia ya kwanta, inayoeleza mwenendo wa atomi na chembe zake, haijakamilika. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha kwamba swali la siri za namna hiyo linaweza kupelekwa maabara, na majaribio yaliyofuata ndiyo yaliyowapa Aspect, Clauser na Zeilinger tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2022. Vipimo vimekataa wazo la kwamba kila chembe hubeba majibu yake tayari, bila kuguswa na yanayotendeka mbali. Wapo wanafizikia wenye tafsiri nyingine, nami nawaheshimu. Ila kwa ushahidi nilionao, naona hapa nasibu ni ya maumbile yenyewe, si ya uzembe wetu.

Ajabu ni kwamba nasibu hiyohiyo ndiyo inayonipa uhakika. Ikiwa wastani wa milio kwa dakika ni 100, natarajia mtawanyiko, yaani kadiri vipimo vinavyopishana na wastani, wa takriban 10, ambao ni kipeuo cha pili cha 100. Nikihesabu hadi 10,000, mtawanyiko ni 100, sawa na asilimia moja tu. Mlio mmoja siujui. Milio elfu kumi naifahamu vizuri sana.

Mwanafunzi mmoja aliniletea jedwali: 103, 96, 99, 104. Pembeni niliona alama za kufutwa. Alikuwa ameondoa 118 na 81 kwa sababu “zimeharibika”. Nilimwomba azirudishe. Kwa wastani wa 100, karibu theluthi moja ya vipimo huangukia nje ya 90 hadi 110, kwa hiyo namba alizozionea aibu zilikuwa na haki ya kuwepo. Angeniletea vipimo ishirini, vyote kati ya 98 na 102, ningeanza kwa kukagua kifaa.