Kituo cha Mkono kwa Mkono ni nini?

Ni sehemu moja, mara nyingi ndani ya hospitali, ambapo aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia anaonana na daktari, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, afisa ustawi wa jamii na mtoa msaada wa kisheria. Fomu ya PF3, ile ya polisi inayoandikwa hali ya aliyeumizwa, inajazwa hapo hapo.

Faida yake ataielewa aliyewahi kumsindikiza ndugu. Chukua mama wa Makorora, hapa Tanga, aliyebakwa usiku. Pasipo kituo hicho ataanzia polisi kuchukua PF3, apande hadi Hospitali ya Bombo, apange foleni, kisha aambiwe arudi polisi. Kila anapofika anaulizwa upya kilichompata, na watu wa foleni wanasikia. Wengi hukata tamaa katikati ya safari hiyo, na siwalaumu hata kidogo. Kwenye mkono kwa mkono anaeleza mara moja, faragha, kwa watu waliofunzwa kumsikiliza.

Muda nao haumsubiri. Dawa za kinga ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Humezwa kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba nayo inataka haraka. Ili ushahidi usipotee, asioge kwanza, na nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi au kitambaa safi, zisitiwe kwenye mfuko wa plastiki. Kama ameshaoga, aende vilevile, matibabu ni haki yake.

Saa hizo 72 ndizo zinazoliwa na vikao vya ukoo. Wazee wanakaa, wanapanga faini, wanasema yaishe nyumbani. Lakini ubakaji ni jinai. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliuwekea kifungo kisichopungua miaka 30, na hakuna mjomba mwenye mamlaka ya kuufuta.

Sheria hiyo ilipiganiwa na wanawake. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoundwa 1987, Fatma Alloo akiwa miongoni mwa waasisi, kiliandika na kupaza sauti wakati mambo haya yalikuwa hayasemwi hadharani. Kila 25 Novemba hadi 10 Desemba tunaadhimisha Siku 16 za kupinga ukatili, tarehe ya kwanza ikiwakumbuka Patria, Minerva na María Teresa Mirabal, dada watatu waliouawa Jamhuri ya Dominika mwaka 1960. Maandamano na fulana ni vizuri, ila mimi naona heshima kubwa kwa wanawake hao ni kumsindikiza jirani hospitali usiku ule ule.

Ukimsindikiza, usimuulize alikuwa wapi wala alivaa nini. Mbebee kanga na nguo za kubadili, kaa naye mpaka aitwe, na umuulize yeye nani aambiwe. Akiwa mtoto, piga 116, simu ni bure.